Meza ya Mwalimu: Kati ya "alielezwa" na "alielewa"

Mwezi huu barua tatu kati ya zilizofika mezani kwangu zinagusana, nami nimeona nizijibu pamoja. Moja ya mwalimu, moja ya mzazi, moja ya mwanafunzi. Zote zinahusu kusoma na kuandika habari za kweli za wagonjwa, madaktari na watafiti. Ya kwanza nitaikalia zaidi, maana imenigusa pabaya.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha Kiswahili kidato cha tano hapa Makambako. Muhula uliopita niliwatafsiria wanafunzi makala ya kurasa tatu kuhusu utafiti wa kaswende wa Tuskegee, Marekani. Nilitaka wajifunze kuchambua maandishi yasiyo ya kubuni na kujadili maadili ya tiba. Ndani ya dakika kumi walikuwa wamemaliza. Dhamira: ubaguzi. Mhusika mkuu: daktari. Ujumbe: tupendane. Kijana mmoja akasema, "Wazungu ni wabaya," darasa likapiga makofi, kengele ikalia. Nimejaribu na makala nyingine, hali ni ile ile. Nakosea wapi? *Mwalimu wa Kiswahili, Makambako*

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu, na pole kwa upepo wa huko.

Kosa hilo ni letu sote tulioshika chaki. Tumewazoesha watoto kusoma kila kitu kama riwaya. Wanaingia na orodha yao ya fani na maudhui, wanajaza nafasi zilizo wazi, wanafunga daftari. Orodha hiyo inafaa kwa tamthiliya, na mtihani unaidai, sikatai. Ila mtu wa Tuskegee hakubuniwa na mwandishi. Alikuwa na mke, alikuwa na nyumbu wa kulimia, na alipofumba macho hakufufuka katika sura iliyofuata. Ukimwita "mhusika" umeshampunguzia kitu kabla hujaanza kusoma.

Nieleze habari yenyewe kwa ufupi, kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuwa darasani kwako. Mwaka 1932 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliandikisha wanaume weusi wapatao 600 katika wilaya ya Macon, jimbo la Alabama, wengi wao wakulima wa pamba kwenye mashamba ya watu. 399 walikuwa na kaswende, 201 hawakuwa nayo. Waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Siku za kupimwa walipewa chakula, na familia ziliahidiwa msaada wa mazishi zikikubali maiti ipasuliwe ichunguzwe. Hakuna aliyewaambia kwamba nia ilikuwa kutazama kaswende inavyomla mtu ikiachwa. Kufikia mwaka 1947 penisilini ilishakuwa dawa ya kawaida ya ugonjwa huo, nao hawakupewa. Mambo yaliendelea hivyo mpaka mwaka 1972, shirika la habari la Associated Press lilipoyatoa hadharani. Miaka 40.

Sasa kuna jambo ambalo nadhani tafsiri yako ililipita haraka. Utafiti ule haukufichwa. Ripoti zake zilichapishwa katika majarida ya madaktari kuanzia mwaka 1936, na neno la kosa lenyewe lilikuwa pale kwenye vichwa vya habari: kaswende *isiyotibiwa*. Liandike neno hilo ubaoni peke yake, kisha nyamaza kidogo.

Wanafunzi wako wanajua mnyambuliko kuliko wanavyojua nyimbo za kanisani. Tibu, tibia, tibiwa, tibika, tibisha. Waulize "tibiwa" ni kauli gani. Watajibu kwa kelele: kutendwa! Waulize mtenda ni nani. Hapo kelele zitakwisha, kwa sababu kichwa cha habari hakimtaji. Kaswende imesimama pale kama mvua ambayo haikunyesha mwaka huo, utadhani hakuna mtu aliyekuwa na dawa kabatini. Sasa wageuze neno liwe kauli ya kutenda: kaswende *tusiyoitibu*. Walisome kwa sauti, wote. Zoezi hili nililifanya mara tatu katika miaka yangu ya mwisho ya kufundisha, na mara zote tatu darasa lilitulia kwa namna ambayo mwalimu huisikia mgongoni akiwa ameelekea ubao.

Hapo kwenye kitenzi ndipo uchambuzi wa maandishi ya kweli unapoanzia kwangu. Katika habari za hospitali, kauli ya kutendwa ni blanketi kubwa mno. Sampuli zilichukuliwa. Wagonjwa waliondolewa. Makosa yalitokea. Kwa kila sentensi ya namna hiyo mtoto aulize: nani? Akimpata mtenda, aulize la pili: mwandishi amejuaje? Alikuwepo, alisoma faili, alimsikia mtoto wa marehemu, au anakisia? Aandike pembeni kwa penseli. Utaona kuna aya ambazo pembeni pake patajaa, na nyingine hapaandikiki kitu, na hizo za pili ndizo za kujadili.

Na sisi wenyewe tunasemaje? Mtu wa kawaida hapa kwetu akitoka kituo cha afya anasema, "Nimeenda kupima." Aliyeshika sindano ni muuguzi, lakini mgonjwa amejiweka kuwa mtenda, amekwenda kwa miguu yake kutaka kujua hali yake. Ripoti itaandika "alipimwa". Mimi naona kati ya "nimepima" na "alipimwa" mtu anaweza kupotea, na wanafunzi wako wana Kiswahili cha kutosha kuliona hilo bila kusaidiwa na kitabu chochote.

Ukishawapa kitenzi, wape msomaji. Mwaka 1964 ilichapishwa ripoti ya miaka 30 ya utafiti ule. Madaktari wengi waliipokea mezani. Mmoja wao, Irwin Schatz, daktari kijana wa Detroit, aliisoma, na mwaka 1965 akawaandikia wahusika barua fupi kusema ameshangazwa kwamba madaktari wanaweza kumwacha mgonjwa wa maradhi ya kuua ilhali tiba ipo. Hakujibiwa. Mwaka uliofuata Peter Buxtun, aliyekuwa mfanyakazi wa idara hiyo hiyo, alianza kulalamika ndani kwa ndani. Alipochoka kupuuzwa, ndiye aliyezipeleka nyaraka kwa waandishi wa habari. Mimi huwaambia watoto kuhusu Schatz kabla ya kuwaambia kuhusu rais Clinton aliyeomba radhi mwaka 1997. Radhi ya rais wanaielewa. Kinachowashangaza ni mtu aliyesoma makala ile ile waliyosoma wenzake, akasimama kwenye neno lile lile walilolipita.

Yule kijana wa "Wazungu ni wabaya" usimnyamazishe. Ubaguzi ulikuwepo, tena ndio uliofanya watu wale waonekane wanaweza kutumika. Mpe tu kazi zaidi. Mwambie kuhusu muuguzi Eunice Rivers, mwanamke mweusi, aliyewafuata wanaume wale majumbani na kuwapeleka kwa gari wakapimwe, kwa karibu muda wote wa utafiti. Walimwamini kama dada. Mwambie pia kwamba Chuo cha Tuskegee, kilichojengwa kwa ajili ya watu weusi, kilishirikiana. Sasa aandike ukurasa mmoja: Rivers alijua nini, alidhani anawasaidiaje, na angeweza kumwambia nani "hapana"? Hatapata jibu la makofi. Mimi mwenyewe bado sijalipata.

Kuna na ile barua ya kuwaita wanaume wale waje kutolewa maji ya uti wa mgongo. Iliwaambia ni nafasi yao ya mwisho ya kupata tiba maalumu ya bure. Kilikuwa kipimo, chenye maumivu, wala hakikutibu chochote. Neno moja, "tiba", limebeba uongo wote. Hata kama huna kipindi cha zaidi, barua hiyo usiiache.

Naona niseme kwa nini jambo hili silichukulii kama mada ya darasani tu.

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mpya. Mama yangu, wa kijijini Rungwe, alikuwa na miaka 41 na alikuwa akitokwa damu kwa miezi. Tulimpeleka hospitali, ambayo sitaitaja. Alifanyiwa upasuaji, akapona, tukarudi nyumbani. Baada ya miezi miwili, tuko jikoni, anamenya ndizi, akaniuliza kwa Kinyakyusa kwa nini siku zake hazirudi. Nikashindwa kumwelewa, kwa sababu mimi nilijua. Nilikuwa nimeliona faili lake nilipotumwa kulipeleka maabara. Ndani kulikuwa na fomu ya Kiswahili iliyopigwa chapa, na mstari mmoja: *Mgonjwa ameelezwa na amekubali kutolewa kizazi.* Chini yake dole gumba la mama, la wino wa zambarau, limeteleza kidogo upande wa kushoto. Nilipoona dole lile niliamini. Kumbe siku ile walipomletea karatasi walimletea na shuka na blanketi, naye akaweka dole akijua anasaini shuka. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Neno "kizazi" alilijua kwa maana ya watoto na wajukuu.

Ni mimi niliyemwambia. Kisu kilibaki mkononi, ndizi ikabaki nusu ina ganda.

Daktari yule aliokoa maisha ya mama yangu. Aliishi miaka 27 mingine, na nikimkumbuka daktari namwombea heri. Lakini mstari ule wa fomu nimeubeba maisha yangu yote ya kufundisha. Ameelezwa. Ondoa herufi moja, *z*, inakuwa ameelewa. Mtu fulani alijaza "ameelezwa" na kila aliyelishika faili baada yake, mimi nikiwemo, alisoma "ameelewa".

Kwa hiyo ukifika darasani, mwalimu, wape watoto maneno hayo mawili wayasake katika kila makala ya tiba utakayowapa. Aliyeelezwa alielezwa na nani, kwa lugha gani, akiwa amekaa au amelala juu ya machela, na nani anashuhudia kwamba alielewa?

Sasa ya kufanyia kazi. Punguza. Kurasa tatu kwa watoto 60 wenye nakala nne ni nyingi mno, watagawana maneno kama kuku wanaogawana punje. Chukua aya moja, iandike ubaoni kabla ya kipindi, kaeni nayo vipindi viwili mfululizo. Siku inayofuata kila mmoja awe Schatz: awaandikie waandishi wa makala barua ya sentensi nne, iwe na swali moja tu, swali linalotokana na neno lililomo kwenye aya. Barua ya "nyie ni wabaya" irudishwe. Ikiwezekana tafuta fomu ya ridhaa ya utafiti iliyo tupu, ya Kiswahili, mwisomee darasani. Hapa Mbeya tuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, majaribio ya chanjo ya UKIMWI yamefanyika hapa, na fomu za siku hizi zinaeleza kwamba mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa huduma. Waulize wanafunzi: bibi yako angeielewa aya ya ngapi?

Tahadhari moja, na naisema kwa uzito. Usiwaombe watoto watoe mifano ya nyumbani kwao. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 uliukuta mkoa wako wa Njombe na maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, wa juu kuliko mikoa yote, Iringa ukifuatia. Katika darasa lako wamo wanaomeza dawa asubuhi kabla ya kuvaa sare. Alabama iko mbali, na umbali huo unawapa nafasi ya kufikiri bila kutazamwa.

Nitumie barua zao mbili tatu. Nitazisoma zote.

Swali: Kamwene, Mwalimu. Binti yangu ana miaka 13, yuko kidato cha kwanza. Wauguzi walikuja shuleni kuchanja wasichana chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Yeye akakataa kunyoosha mkono mpaka aelezwe ndani ya sindano kuna nini na ilijaribiwa kwa nani. Muuguzi akakasirika, nikaitwa shuleni. Kumbe mwalimu wao aliwasomea habari ya mwanamke wa Marekani aliyekatwa nyama ya mwilini bila kuulizwa. Mwalimu, hatuwajazi watoto hofu ya hospitali? Niliona aibu kubwa. *Mama wa watoto wanne, Mafinga*

Jibu: Kamwene, mama. Aibu ile iache, binti yako hakumkosea mtu. Aliyeuliza bado hajakataa.

Mwanamke huyo ni Henrietta Lacks. Mwaka 1951 alikwenda Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, akiwa na saratani ya mlango wa kizazi. Alisaini fomu ya kukubali matibabu. Alipokuwa amelazwa usingizi, daktari alikata kipande cha uvimbe na kukipeleka maabara, na hilo hakuambiwa. Enzi zile madaktari hawakuona haja ya kuuliza. Chembe hai (seli) za watu wengine maabara zilikuwa zikifa baada ya siku chache, zake zikaendelea kugawanyika, na mpaka leo zinaishi. Yeye alifariki Oktoba mwaka huo huo, akiwa na miaka 31. Chembe zake zilisaidia kuijaribu chanjo ya polio, zikasambaa maabara za dunia nzima, zikauzwa. Familia yake ilikuja kujua baada ya miaka 20 na zaidi.

Sasa sikia sehemu ambayo nadhani mwalimu hakuifikia, kwa kukosa muda. Katika miaka ya 1980 mwanasayansi wa Ujerumani, Harald zur Hausen, na wenzake walionyesha kwamba saratani ya mlango wa kizazi inaletwa na virusi fulani, vya HPV. Aina mbili ndizo zinazoongoza, ya 16 na ya 18. Ile ya 18 ilikutwa pia ndani ya chembe za Henrietta. Zur Hausen alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kutokana na ugunduzi huo ikatengenezwa chanjo, na chanjo hiyo ndiyo iliyoletwa shuleni kwa binti yako. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14.

Mama, habari hiyo ina mambo mawili, na mtoto wa miaka 13 anaweza kuyashika yote mawili: mwanamke yule alidhulumiwa, na chanjo ni nzuri. Dhuluma haiifanyi chanjo kuwa sumu, wala uzuri wa chanjo hauifuti dhuluma. Mwombe mwalimu awasomee mpaka mwisho. Na wewe kaa na binti umjibu alichouliza: chanjo hiyo inafanya kazi vizuri zaidi ikitolewa kabla msichana hajakutana na virusi, ndiyo maana inatolewa katika umri wake. Saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu. Mimi wajukuu zangu wamechanjwa, na wako nakushauri achanjwe.

Kuhusu hofu, nilikulia katika nyumba ambamo tukichelewa kurudi kisimani tunaambiwa mumiani watatukamata watoe damu. Wazee wetu waliyaogopa magari ya hospitali kwa sababu watu walikuja, wakatoa damu, wakaondoka bila kueleza inakwenda wapi. Maelezo yalipokosekana, watu walijitungia yao. Binti yako ameuliza kwa sauti, mchana, mbele ya muuguzi, na mtoto anayeuliza hivyo haendi kuokota majibu kwenye uvumi. Muuguzi naye nampa pole. Alikuwa na foleni ya wasichana 200 na boksi la barafu linaloyeyuka. Pengine wakati mwingine shule iombe aje siku moja kabla, aongee nao nusu saa bila sindano.

Swali: Shikamoo bibi Mwalimu. Niko kidato cha sita, nyumbani Tukuyu. Jarida la shule yetu limetangaza shindano la makala za kweli kuhusu afya. Nataka kuandika kuhusu bibi yangu anayenilea. Anatumia dawa za kufubaza VVU tangu mimi sijaanza shule, na alivyopambana ni habari ya kumfundisha kila mtu. Nimebadilisha jina lake na jina la kijiji. Inatosha? *Mjukuu, Rungwe*

Jibu: Marahaba mjukuu wangu. Haitoshi.

Umembadilisha jina, lakini jina lako litakuwa juu ya makala. Wenzako wanajua unalelewa na bibi. Una bibi wangapi? Ukitaja na ule mgomba ulio mbele ya mlango, au yule ng'ombe mwenye pembe moja, au mguu anaouburuza kidogo akipanda kilima, na najua utataja kwa sababu ndivyo mwandishi mzuri anavyofanya, basi kila mtu wa Tukuyu atakuwa amemwona. Sheria yetu ya UKIMWI ya mwaka 2008 inawataka watu wa afya watunze siri ya majibu ya mgonjwa. Siijui hali ya mjukuu mbele ya sheria hiyo, najua hali yake mbele ya bibi.

Umeniuliza kuhusu jina, hukuniuliza kuhusu kumwomba. Hilo ndilo limenifanya niiweke barua yako mwishoni, baada ya zile mbili. Sisi tunaoandika habari za kweli za wagonjwa tunafanana sana na wale waliochukua nyama ya Henrietta wakiwa na nia njema. Tunaona kitu cha thamani ndani ya mtu, tunakikata, tunakipeleka kikasaidie wengine.

Mimi habari ya mama yangu, uliyoisoma hapo juu, nimeikaa nayo miaka mingi bila kuiandika. Mwaka mmoja kabla hajafariki nilimwambia ningependa siku moja kuwaeleza walimu wenzangu. Alikaa kimya, nikadhani amekataa. Jioni akasema niandike, ila hospitali nisiitaje, kwa sababu daktari yule alimfanyia wema na watoto wake wasije wakaumia. Akauliza kama nitaandika na habari ya shuka. Nikamwambia nitaandika. Akasema andika, wajue nilikuwa nimeshukuru kwa shuka.

Kwa hiyo fanya hivi. Iandike makala yote kwanza, usimwombe ruhusa ya kitu ambacho hajakisikia. Kisha nenda nyumbani mwisho wa wiki, umsubiri amalize kazi, umsomee. Msomee kwa Kinyakyusa, hata kama wewe umeiandika kwa Kiswahili, hata kama itakuchukua saa mbili kutafuta maneno. Mwambie itasomwa na nani, na kwamba ikishachapwa hairudi. Mwambie anaweza kukubali leo na kesho akaghairi, mradi hujaikabidhi. Akikataa ukurasa wa pili, toa ukurasa wa pili. Akikataa yote, utaandika kuhusu jambo jingine, na daftari hilo ulitunze nyumbani kwake, mahali anapopajua.